Mbao za Mshazari

Msumeno ulikuwa unang'aa. Fidélie Mbayo aliugeuza kwenye mwanga wa dirisha, upande huu, upande ule, kisha akaurudisha juu ya meza ya komanda.

"Jina yake iko pa mukono," komanda alisema. "Soma. MBUYI. Stany wa kule hoteli aliutosha, aliuvuta chini ya paa leo asubuhi, na mikono yake mwenyewe. Unatafuta nini tena, Mama Inspekteri?"

"Natafuta Tata Gracien."

"Gracien eko mu mayi. Samaki banashukuru."

Fidélie hakucheka. Alikuwa inspekteri wa parquet, ofisi ya mashtaka ya Kolwezi, mwanamke wa maneno machache, na watu walizoea kumsahau chumbani mpaka aulize swali. Aliyoyajua mpaka hapo yalikuwa haya. Kwenye ziwa la Nzilo kulikuwa na hoteli ya fahari inayojengwa kwa mbao tupu. Jana jioni, katika dhoruba, paa la jumba lake la kulia lilianguka. Mlinzi, Tata Gracien, hakuonekana tena, na ndani ya kibanda chake kulikutwa kitu chekundu sakafuni. Mbuyi, mkuu wa maseremala, alionekana pale mchana, kabla ya mvua.

Mbuyi alikuwa Mkasai, mtu wa jimbo jingine. Wakasai wote wa mji walikuwa wamefukuzwa, kazini na majumbani, na sasa walilala kwenye gare wakingoja treni ya kuwarudisha nchi ambayo wengi wao hawajapata kuiona. Kwa hiyo hakuna aliyekosa jibu. Mbuyi alikata jumba kwa kisasi, Gracien akamkuta, Mbuyi akamuua.

Nje, vijana wenye marungu walikuwa wamejaa mlangoni. Katikati yao mke wa Gracien, Mama Agnès, alikuwa ameketi chini, kichwa kimenyolewa, akilia kwa sauti iliyokwisha kukauka.

"Munipe Gracien wangu! Ao munipe ule mwenye alimuua!"

"Unasikia?" komanda alisema. "Treni inaondoka leo. Ikipiga filimbi na hujaniletea mutu mwingine, mi nafungua mulango kwa bale batoto. Sitakubali babomoe biro yangu juu ya Mukasai mumoja."

"Na kama hakuua?"

"Basi uniletee Gracien."

Mbuyi alikuwa amesimama nyuma ya nondo za kashoti, mrefu, shati limechanika begani. Swali la kwanza lilikuwa lake.

"Mama Inspekteri, treni ilifika?"

"Bado. Jana ulienda Nzilo kufanya nini?"

"Kukamata bitu byangu. Randa, patasi, nyundo. Stany alinipa byote, akabakisha musumeno. Anasema, 'Huu ni wa shantié, wa kazi ya hoteli.' Ule musumeno nilinunua yeye hajajua bado kushika nyundo!"

"Gracien ulimuona?"

"Hapana. Mulango ilikuwa wazi, kinga yake, ile baiskeli, haikuwe pale. Nilizania alienda mu mji."

"Na paa? Ulitazama paa?"

"Sikuinua macho. Ile paa nilipandisha mi mwenyewe. Ningeitazama ningelia mbele ya Stany, na ile furaha sikutaka kumupa." Alishika nondo. "Mama, bibi yangu Mianda eko ku gare peke yake na batoto. Nikibaki hapa, habatapanda. Banafika kwa nani? Na hapa, balale wapi?"

Fidélie hakumwahidi kitu. Alitoka, akapita karibu na Mama Agnès, akamtazama mikono. Ilikuwa imeshika kofia ya sufu ya mwanamume, mpya, bado na kamba ya duka.

"Hii ni ya kwake?"

"Nilimununulia Noeli. Hapendi. Anasema ya zamani njo inajua kichwa yake."

*

Walikwenda Nzilo kwa gari dogo la Madame Tatiana, arshitekti aliyeichora hoteli, kwa sababu la parquet halikuwa na mafuta tangu Krismasi. Tatiana alikuwa mwanamke wa Lubumbashi, mwenye kuvaa suruali iliyopigwa pasi hata katika siku hizo. Aliendesha huku ameng'ang'ania usukani.

"Mwenye hoteli alinipigia fonie," alisema. "Anacheka. 'Nilikuambia, Madame, mbao ni ya kibanda ya kuku. Tungoje sementi.' Sementi gani, mama? Viwanda binalala. Chuma haifike. Hata misumari tunaendaka kutafuta Dilolo, kwa bantu ba Angola. Kitu chenye kinabaki karibu ni muti."

"Na bantu gani batalala mu ile hoteli, hizi siku?"

"Benye batakuya nyuma ya hii yote. Matajiri. Mutu mwenye pesa, beto ya sementi iko nayo kwake, hawezi kulipa juu ya kuiona tena. Anataka kuamka asubuhi asikie harufu ya mulombwa, atembee miguu wazi juu ya mbao, aone mayi bila kioo katikati. Na sikukata pori yote juu yake." Alipunguza mwendo. Kando ya barabara kulikuwa na kisiki kipana, na pembeni yake machipukizi yalikwisha kufika kiunoni mwa mtu. "Unaona? Kile tulikata kiangazi. Mumoja hapa, mumoja kule mbali, na mingine tunaacha. Muti ukikata muzuri, unarudia. Kule ku mugodi ya Mashamba balitosha udongo yote bakaacha shimo. Shimo itaota nini?"

Alibadilisha gia mara mbili bila sababu.

"Unaogopa nini, Madame?"

"Naogopa Mbuyi hakukata kitu."

Fidélie aligeuka kumtazama.

"Kama hakukata," Tatiana alisema, "paa ilianguka yenyewe. Basi njo kalamu yangu iliua Tata Gracien."

*

Hoteli ilikuwa imekaa kwenye mteremko kama vile iliomba ruhusa. Nyumba ndogo za wageni zilisimama juu ya nguzo, miti mikubwa ikiwa imeachwa katikati yake, na veranda moja ilikuwa imetobolewa ili mti mzee wa mwombo upite ndani yake. Mabafu hayakuwa na dari. Mgeni angeoga anaangalia majani. Hakuna kilichoharibika hapo. Chini tu, karibu na maji, jumba la kulia lilikuwa limelala.

Fidélie alilizunguka lote kabla ya kugusa kitu. Paa lilikuwa limeteleza zima upande mmoja, vigae vyake vya mbao bado vimepangana, kama kofia iliyoshuka usoni. Nguzo zote zilikuwa chini, vichwa vimeelekea ziwani. Aliinama kwenye moja, kisha nyingine.

"Madame, hakuna yenye kuvunjika."

"Namna gani?"

"Hakuna yenye kukatwa, hakuna yenye kuvunjika. Zimelala tu." Alionyesha mawe bapa ambayo nguzo zilikuwa zimesimama juu yake, zisiguse udongo, mchwa wasizipate. "Nguzo imesimama juu ya jiwe. Nini inaikataza kulala?"

"Mbao za mshazari," Tatiana alijibu haraka, kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Inatoka ku mguu ya nguzo hii, inapanda mpaka ku kichwa ya jirani yake. Nyumba ya beto, ukuta njo unashika. Hapa hakuna ukuta, juu mugeni aone mayi. Upepo ukisukuma, ile mbao ya mshazari inakataa. Ziko kila—"

Aligeuka ili azionyeshe. Mkono wake ukabaki hewani.

Walitafuta pamoja chini ya paa, wakiinua vigae, wakipiga magoti katika matope. Walipata boriti, nguzo, kamba, panga la mtu. Mbao ya mshazari hawakupata hata kipande. Kwenye nguzo yalibaki matundu ya buloni tu, zile bolti za kufungia, mviringo, safi, bila ufa.

"Zingeng'olewa na upepo, matundu yangepasuka," Fidélie alisema. "Mutu alifungua na ufunguo. Polepole. Jumba lilikuwa bado limesimama."

Tatiana alifunga macho. "Basi si kalamu yangu."

"Ngoja bado."

Stany alikuwa anashuka mteremko. Alikuwa kapita, msimamizi wa vibarua, kijana mnene wa shingo, mwenye kitambaa chekundu mkononi kama wale wa mlangoni kwa komanda. Alimsalimu Fidélie kwa mikono miwili.

"Mama Inspekteri, karibu. Shi tuko tunangoja tu bamuhukumu."

"Musumeno uliutosha wapi?"

"Pale." Alionyesha bila kusita. "Chini ya ile boriti. Mu potopoto, mu matope."

Fidélie aliokota lile panga na kulishika mbele yake. Mgongo wake ulikuwa na madoa ya kahawia, na ukingo wake umeanza kuwa mwekundu.

"Hii panga ni ya nani?"

"Ya kwangu. Niliisahau jana."

"Ililala hapa na mvua usiku mumoja. Tazama rangi yake. Musumeno ulilala nayo kitanda kimoja, ukaamka unang'aa?"

"Niliupangusa."

"Na nini?"

"Na... kitambaa."

"Pangusa hii." Alimpa panga.

Stany alilishika. Alimtazama Tatiana, akashusha sauti. "Mama Fidélie. We ni mutoto wa kwetu. Batu ba Manono, ba Kabongo, shi ni bamoja."

"Njo sababu naongea na weye polepole. Mbuyi aliuliza musumeno wake jana, ukamunyima. Leo unautosha chini ya paa. Stany, kama Gracien alikufa, na we njo ulikuwa na ule musumeno..."

"Sikumugusa Gracien!" Panga lilianguka. "Gracien ni sawa tata yangu! Nilikuta paa chini, nikakuta damu, kila mutu anasema ni Mbuyi. Mi nilisaidia tu. Nani hakujua ni Mbuyi?"

"Nionyeshe hiyo damu."

Kibanda cha mlinzi kilikuwa juu kidogo, kitanda kimoja, jiko la mkaa, picha ya Bikira Maria. Maji ya mvua yalikuwa yameingia chini ya mlango na kufanya dimbwi katikati ya sakafu, na dimbwi lilikuwa jekundu kabisa. Stany alibaki nje.

Fidélie alichuchumaa. Alichovya kidole, akakinusa, akakisugua juu ya mgongo wa mkono wake. Ilibaki alama nyekundu, safi, ya kupendeza.

"Damu ya jana, leo ni nyeusi," alisema. "Na inanuka. Hii ni unga ya mulombwa, ule muti mwekundu wa hoteli. Nkambo yangu alikuwaka anatupaka hii pa uso tukiwa batoto, siku ya kutoka ndani na kuchezewa ngoma. Mutu alikuwa anakata mbao humu. Mvua ikaingia, ikakoroga."

Stany aliingiza kichwa, akatazama, akajisahau na kucheka. "Mama wee! Na mi nilitapika!"

Chini ya kitanda kulikuwa na mkebe wa maziwa. Fidélie aliumimina juu ya godoro. Ilitoka misumari, ya zamani, iliyokwisha kutumika, lakini kila mmoja ulikuwa umegongwa na kunyooshwa. Katika kitambaa pembeni zilikuwa buloni za mshazari, zote zimepakwa mafuta meusi ya mota, kila moja na kofia yake imezungushwa mahali pake.

"Mwizi anatupa buloni mu ziwa," Fidélie alisema. "Mutu wa kisasi pia. Nani mu Kolwezi ananyoosha musumari ya zamani?"

Tatiana hakujua. Stany alijua.

"Bakofreri," alisema. "Benye kufunga mbao za kumwangia beto. Gracien alikuwa kofreri mu kampani mpaka balimurudisha kwake. Beto ikikauka, banafungua mbao, bananyoosha misumari, banapaka buloni mafuta juu ya kazi yenye inakuya. Na mbao ya kofraji, Mama Inspekteri, kila mutu anajua: ikiisha kazi, ni ya mufanyakazi. Hata bashefu ba kizungu habakukatazaka. Nusu ya milango ya mitaa ya cité yetu ni ile mbao."

Fidélie alitazama kitandani. Blanketi haikuwapo. Kofia haikuwapo. Baiskeli, Mbuyi alisema, haikuwapo.

"Mutu mwenye kuuawa habebe blanketi yake," alisema. "Gracien alifanyaka kofraji na nani?"

"Na Kanku. Mukasai. Nyumba zao zinagusana ukuta."

"Kanku eko wapi?"

Stany alitazama miguu yake. "Ku gare. Kama benzake."

*

Gare haikuwa na mahali pa kuweka mguu. Watu walikuwa wamekaa na nyumba zao zilizobomolewa vipande: milango, madirisha, cherehani, vitanda vilivyofungwa kwa kamba, mbuzi. Mvua ya jana ilikuwa imegeuza uwanja wote kuwa uji. Treni ilikuwa imefika. Kichwa chake kilipumua mbele, na kelele za kupanda zilianza upande wa mabehewa ya kwanza.

Fidélie hakuangalia nyuso. Aliangalia chini. Alitembea hivyo, Tatiana nyuma yake ameshika suruali isiguse tope, mpaka alipoona wekundu.

Chini ya karatasi ya plastiki, mwanamke mwembamba alikuwa anafunga sufuria ndani ya shuka. Nyuma yake watoto wake walikuwa wamelala juu ya mbao pana, nyekundu, zimepangwa vizuri juu ya matofali. Walikuwa wakavu. Mwisho wa kila mbao ulikatwa kwa upande, na karibu na mwisho palikuwa na tundu la mviringo.

"Mama, hizi mbao nani alikupatia?"

Mwanamke alisimama mbele ya watoto. "Musizikamate. Mutoto mudogo alikuwa anakohoa damu ku hii potopoto. Leo njo ameanza kulala."

"Sizikamate. Nauliza tu nani."

"Tata moja ya kofia ya sufu. Anakuyaka na kinga. Anaanzaka kwa Kanku, kisha anakuya kwetu. Hasemi mingi. Anasema tu, 'Batoto basilale mu mayi.' Njo yote."

"Unaitwa nani?"

"Mianda. Bibi ya Mbuyi." Alimkamata Fidélie mkono. "Uko wa serikali? Banasema alibomoa hoteli. Mbuyi! Mwenye alikuwa anapapasa ile nyumba kuliko mi!"

Tatiana alikuwa amepiga magoti. Alikuwa ameingiza kidole chake kwenye tundu moja.

Walimpata mlinzi nyuma ya rundo la mizigo ya Kanku, amejifunika blanketi mpaka kichwani. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa hapo. Kanku, mzee mwenye ndevu nyeupe, aliwatazama, akamgonga mwenzake kwa kiwiko.

"Gracien. Banakuya kukuzika."

"Uwaambie nimesha kuzikwa," blanketi ilijibu.

Fidélie alichuchumaa. "Tata Gracien, bantu banalia matanga yako. Mama Agnès alinyoa nywele."

Blanketi ilishuka. Uso wa mzee ulikuwa umekunjamana kwa kukosa usingizi. "Alinyoa?"

"Yote."

"Ataniua, basi. Itakuwa vilevile." Alikaa. "Mama, niliisha kuondoka asubuhi kurudi Nzilo. Nikakuta bale bamama ba samaki pa njia. Wanasema, 'Paa ilianguka, Gracien alikufa, Mukasai alimuua.' Wananiambia mi! Nilikuwa nimefunika kichwa. Nikajua ni nini. Nikarudi hapa, nikajificha."

"Juu ya nini ulifungua mbao?"

"Niliziona ziko za kofraji, mama. Kazi yangu yote ni ile. Nyumba inapanda, mbao zinasimama mshazari juu ya kuishika mpaka ikauke. Nikangoja. Nikasukuma nguzo, haitikisike. Bafundi habapige kazi tena. Nikasema, sasa nyumba inaisha kukauka, mbao ni ya mufanyakazi. Na Kanku eko mu potopoto. Nikazikata katikati, kinga iweze kubeba." Alimtazama Tatiana. "Madame, nilizania imekauka."

Tatiana alikaa chini. Alikaa katika tope lenyewe, na suruali yake ya pasi, akacheka huku machozi yanashuka, akacheka mpaka watu wa pembeni wakageuka. "Tata Gracien," alisema alipoweza, "ile nyumba ilikuwa nzuri. Ilisimama bila mshazari siku zote zile, mpaka dhoruba! Hata mi sikujua ina nguvu vile."

"Tunaenda kwa komanda," Fidélie alisema.

Mzee alitikisa kichwa. "Bale batoto benye marungu bananijua. Banikute mi, mutu wa kwao, nilitandikia Bakasai mbao ya hoteli?"

Kule mbele mtu alipiga kengele ya kupandia. Fidélie hakumsukuma. Alinyoosha kidole tu, kuelekea plastiki ya Mianda. Mwanamke alikuwa amesimama pale na watoto na sufuria, behewa liko wazi mbele yake, na hapandi.

"Anangoja Mbuyi," Fidélie alisema. "Treni ikipiga filimbi, Mbuyi anatoka kwa mulango ya bale batoto. Komanda aliniambia, 'Uniletee Gracien.' Hakusema karatasi, hakusema maneno. Gracien."

Mzee alimtazama Kanku. Kanku alikuwa anaangalia mbali, ili asimwombe.

Gracien aliweka kofia yake ya zamani kichwani, akaivuta masikioni. "Tuende kabla sijafikiri."

*

Mlangoni kwa komanda, kijana wa kwanza aliyemwona alidondosha rungu. "Yezu! Tata Gracien!"

Wimbo waliokuwa wanauimba ulikatika. Njia ilijifungua yenyewe, na mwisho wa njia alikuwa Mama Agnès chini, mdomo wazi. Alisimama polepole. Alimgusa mume wake usoni, akamgusa mabega, akamgusa tumbo. Kisha akavua kandambili.

"Nilinyoa nywele!" Kandambili lilitua begani. "Nilinyoa nywele, we Gracien! Nililala chini! Nilikula mavumbi!"

"Nani alikuambia unyoe mbele ya kuona mufu?"

"Ananiuliza! Mufu ananiuliza!" Alimpiga tena, akamkumbatia, akampiga akiwa bado amemkumbatia. Kijana mmoja alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Kicheko kilipita katika kundi lote kama maji yanayopata mfereji. Komanda alitoka nje kuona kuna nini.

Gracien aliinua mkono. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini kila mtu alisikia.

"Mbuyi hakufanya kitu. Mbao mi njo nilifungua. Nilipelekea Kanku ku gare, na batoto ba pale."

Kicheko kilikufa. Kijana mrefu aliyekuwa mbele alikunja uso. "Kwa Bakasai, tata?"

Mama Agnès aligeuka, kandambili bado mkononi. "Kanku alibeba sanduku ya mutoto wangu mpaka ku makaburi, kwa mvua, siku yenye shi yote tulikuwa na kipindupindu. We ulikuwa wapi? Mama yako alikufungia mu nyumba! Sema neno ingine."

Kijana aliokota rungu la mwenzake, akampa, na hakuna aliyejua tena la kufanya na marungu yale. Wa nyuma walianza kuondoka.

Fidélie aliweka msumeno mbele ya komanda. "Huu Stany aliuweka mwenyewe. Anakuya kukuambia, nilimuacha pa njia na miguu yake, afikirie. Kifunguo ya kashoti, tata."

Komanda alitazama uwanja unaobaki mtupu. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo na anataka kuficha jinsi ulivyokuwa mzito. "Bon. Lakini zile mbao ni ya hoteli. Ni ushahidi. Nakutumia kaporali, muzilete zote."

Filimbi ililia upande wa gare.

*

Tatiana aliendesha, Fidélie kando yake, katikati ya magari ya mkono na mbuzi, kidole hakitoki kwenye honi. Mbuyi alishika msumeno wake mapajani kama mtu anavyoshika mtoto kanisani. Kaporali alining'inia nyuma.

Treni ilikuwa inatambaa. Mianda alikwisha kupanda. Watu walimvuta kwa nguvu, yeye na watoto na mizigo yote, na alikuwa amesimama mlangoni mwa behewa akiita. Mbuyi alikimbia. Mikono ilitoka, ikamshika shati, mkanda, mkono mwingine, ikamwingiza ndani. Mianda alimkamata masikio mawili na hakumwachilia.

Kisha Mbuyi akataka kuketi. Kiganja chake kiligusa sakafu ya behewa, kikasimama. Alipapasa. Kidole chake kikaingia katika tundu. Alitazama mbao, alitazama mwisho wake uliokatwa kwa upande, alitazama watoto wake waliolazwa juu yake, akainua macho nje.

"Madame!" alipiga kelele. "Hii ni kazi yangu!"

"Njo ile!" Tatiana alijibu, anatembea kando ya treni.

"Nguzo?"

"Hakuna yenye kuvunjika! Hata moja! Kiangazi napandisha tena!"

Mbuyi alianza kucheka, kidole bado ndani ya tundu. "Uweke mshazari mbili-mbili, kama musalaba! Na umwambie Tata Gracien," treni ilikuwa inaongeza mwendo, alizungusha mikono mdomoni, "nyumba ya mbao haikaukaka!"

Kaporali alifika anahema, akasimama nyuma ya Fidélie. Alizunguka macho katika uwanja: matofali, matope, karatasi ya plastiki.

"Mama Inspekteri, komanda anauliza mbao ziko wapi?"

Behewa lenye mlango wazi lilikuwa bado linaonekana. Fidélie alilitazama mpaka likageuka kwenye kona.

"Mbao gani?" alisema. "Mi naona batoto banalala tu."